Intaneti moja, kompyuta mbili: kwa nini bando linaisha haraka na la kufanya

Msikilizaji wetu mmoja wa Kongowe, Kibaha, alitupigia simu studioni na lalamiko ambalo tumelisikia mara nyingi: bando lake limeibiwa. Alinunua GB 10 Jumamosi asubuhi akitegemea zimvushe wiki nzima. Jumapili alipotoka kanisani hakuwa na kitu.

Mama huyu ana duka dogo la steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Anachapa barua, anatoa kopi, na ukifika msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vijana waliomaliza kidato cha sita wanajaa barazani kwake. Jumapili ile mchana alikuwa na binti mmoja aliyebakiza kurasa mbili tu za fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB. Ukurasa ukaganda. Akasubiri, akaubonyeza tena, ukaja mweupe. Alipoichukua simu aliyokuwa akiitumia kurushia intaneti kwenye kompyuta, ndipo akaona ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha. Binti akaambiwa arudi kesho, na kesho yake ilikuwa inakaribia kabisa siku ya mwisho ya maombi.

Tulimwuliza swali moja tu: "Mama, hapo nyumbani kuna kompyuta ngapi?" Akasema mbili. Ya dukani, na ya mwanawe aliyerudi likizo kutoka chuoni. Siku ile ile aliyorudi, kijana alipewa neno la siri la hotspoti.

Basi tukaenda Kongowe kuona wenyewe. Makala hii imetokana na ziara hiyo. Tunaeleza namna kompyuta mbili zinavyoweza kutumia intaneti moja ya nyumbani, jambo ambalo si gumu hata kidogo, na namna ya kuzizuia zisimalizane, jambo ambalo ndilo lenye kazi. Kama huna kompyuta bali simu mbili au simu na televisheni, mengi ya yafuatayo yanakuhusu pia.

Sanduku moja la barua

Wengi wanaotupigia wanadhani kila kompyuta inahitaji laini yake. Haihitaji. Kumbuka tulivyokuwa tukipokea barua, na wengine hadi leo: postamani hafiki mlangoni, barua inakwenda kwenye S.L.P. Shule nzima yenye wanafunzi mia kadhaa ina sanduku moja. Barua zikifika, mwalimu anazichukua, anasoma jina juu ya bahasha, anamwita mwenyewe mstarini. Huko posta wanajua sanduku tu. Nani anakaa bweni gani hawajui na haiwahusu.

Ruta hufanya kazi ya mwalimu huyo. Kampuni ya simu inakupa anwani moja ya kutokea nje. Ndani ya nyumba, ruta inazipa kompyuta zako anwani za ndani, na mara nyingi utaona zinaanza na 192.168. Kompyuta ya dukani ikiomba ukurasa, ruta inaandika kwenye daftari lake kwamba ombi hili limetoka kwa fulani, inalituma nje kwa anwani ya nyumba, na jibu likirudi inampa aliyeomba. Ukitumia hotspoti, simu yako ndiyo inayogeuka kuwa ruta. Ni kazi ile ile.

Utaratibu huu ulibuniwa katika miaka ya 1990 kwa sababu ya uhaba. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu ya ulimwengu ya anwani hizo iligawiwa yote ikaisha Februari 2011. Bila ujanja wa kugawana anwani moja, simu na kompyuta zilizopo leo zisingetosha.

Njia za kuunganisha

Njia ya kwanza ni ile ya mama wa Kongowe: hotspoti ya simu. Unafungua mipangilio ya simu, unatafuta sehemu yenye neno Hotspot, unaiwasha, unaweka jina na neno la siri, kisha kila kompyuta inaliona jina hilo kwenye orodha yake ya waifai. Haina gharama ya kifaa kipya. Ubaya wake ni kwamba simu inapata moto na betri inakwisha mapema, na ukiondoka nayo kwenda sokoni intaneti nayo imekwenda sokoni.

Ya pili inawafaa wenye kompyuta ya zamani isiyo na waifai. Unachomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB ule ule wa kuchajia, unaruhusu simu igawe intaneti kupitia waya huo, na kompyuta inapata mtandao huku ikiichaji simu. Kompyuta ya pili, kama ya kwanza ina kadi ya waifai, inaweza kupata intaneti kutoka kwa mwenzake badala ya simu: Windows 10 na 11 zina sehemu iitwayo Mobile hotspot inayorusha intaneti ya kompyuta kwa vifaa hadi vinane. Jambo hili si jipya. Tangu mwaka 1999 Windows 98 toleo la pili ilikuwa na uwezo wa kuigawia kompyuta nyingine intaneti. Lakini ukitumia njia hii kompyuta ya kwanza lazima iwe imewashwa muda wote. Ikizimwa au ikilala, ya pili nayo inakatika.

Ya tatu ni ruta yenye tundu la laini, ya kuchomeka kwenye umeme, au ile ndogo ya mfukoni yenye betri. Kama kuna biashara ndani ya nyumba, sisi tunaona hii ndiyo yenye heri. Inakaa mahali pamoja, haipigiwi simu katikati ya kazi, na mara nyingi ina matundu ya waya nyuma. Kompyuta ya dukani iliyo hatua chache kutoka kwenye ruta iunganishe kwa waya, usihangaike na waifai. Waya wa mtandao wa kawaida unafika hadi mita 100 bila tatizo, na hausumbuliwi na ukuta.

Na wenye bahati ya kupitiwa na faiba mtaani, iwe ya TTCL au ya kampuni nyingine, wanafungiwa ruta siku hiyo hiyo. Kwao habari ya kuunganisha inaishia hapo.

Nani alikula GB 10

Tulifika kwa mama huyo saa nne asubuhi. Baada ya shikamoo na chai, tuliomba kuziona kompyuta zote mbili. Katika Windows, ukifungua Settings, kisha Network & internet, utakuta sehemu iitwayo Data usage (kwenye Windows 11 iko ndani ya Advanced network settings). Hapo kompyuta inakuonyesha yenyewe kila programu imetumia kiasi gani katika siku 30 zilizopita, na unaweza kuchagua mtandao mmoja mmoja. Watu wachache wanapajua mahali hapo, na ndipo panapomaliza ugomvi wa nyumbani.

Kompyuta ya dukani, kwa fomu zote na barua pepe zote, ilikuwa imetumia GB 1.1 tangu Jumamosi. Ya kijana ilikuwa imetumia GB 8.6. Kijana akaapa kwamba aliangalia video mbili tatu tu, na alikuwa anasema kweli: video zilikuwa GB 1.9. Kiasi cha GB 4.1 kilikuwa kimekwenda kwenye kompyuta kujisasisha, maana haikuwa imejisasisha kwa miezi kadhaa. GB 2.6 zilikuwa picha za simu yake alizozihamishia kwenye kompyuta usiku wa Jumamosi, na programu ya kuhifadhi mtandaoni ikaanza kuzipandisha moja baada ya nyingine bila kuuliza mtu. GB 0.3 zilizobaki ni za simu yenyewe. Hapakuwa na mwizi.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nimelala, na yenyewe inakula?" mama akauliza.

"Ndiyo mama."

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri. Simu inajua tofauti kati ya data ya laini na waifai. Ikiwa kwenye data, inajizuia: inasubiri waifai ndipo ipakue mambo makubwa. Kompyuta ikiunganishwa na hotspoti inaona waifai, basi. Kwa kawaida haijui kwamba nyuma ya waifai hiyo kuna bando lililonunuliwa kwa pesa ya kopi. Inajiona iko ofisini penye intaneti isiyo na kikomo, na inafanya kila ilichoahirisha. Kompyuta moja ikifanya hivyo unaweza usigundue. Zikiwa mbili, kila moja inajisasisha kivyake, na bando linaliwa mara mbili kwa kitu kile kile.

Dawa yake inachukua dakika moja. Kwenye kompyuta iliyounganishwa, fungua mipangilio ya waifai, bonyeza jina la mtandao unaoutumia, tafuta mstari ulioandikwa Metered connection, uwashe. Maana yake ni kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii inapimwa. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya masasisho itasubiri, na uhifadhi wa picha mtandaoni kwa kawaida utasimama hadi uuruhusu. Ifanye kwenye kompyuta zote mbili, kwa maana kila moja ina mipangilio yake. Na ukibadilisha jina la hotspoti, au ukanunua ruta mpya, urudie tena, kwa sababu mpangilio huo unafungwa kwenye jina la mtandao na hauhami na wewe.

Tahadhari: usiache masasisho yasimame mwaka mzima. Mengi yake yanaziba mianya ambayo virusi vinapitia, na kompyuta ya steshenari inayochomekwa flashi za kila mteja ndiyo ya kwanza kuumwa. Kijana tulimshauri awe anaisasisha yake chuoni kabla ya kupanda basi. Ya dukani mama anaweza kuitengea usiku mmoja kwa mwezi, na kama kampuni yake ina kifurushi cha usiku cha bei nafuu, ndio wakati wake.

Jambo jingine ni ule ujumbe. Kanuni za vifurushi za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilizotoka mwaka 2021 zinawataka watoa huduma wamtaarifu mteja bando likifika asilimia 75 na likiisha. Mama alipopekua simu aliukuta ujumbe wa asilimia 75, umeingia Jumamosi usiku katikati ya ujumbe wa matangazo. Wenye ruta wana shida kubwa zaidi: ujumbe unakwenda kwenye laini iliyo ndani ya ruta, na hakuna anayeusoma. Ruta nyingi za laini zina ukurasa wake unaofunguliwa kwenye kompyuta au simu kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ukiingia humo utakuta ujumbe wote, pengine wa miezi sita.

Njia nane zinapoishia

Bando kuisha ni tatizo moja. Tatizo la pili ni kasi, na hili linawapata hata wenye intaneti isiyo na kikomo.

Watu hutuambia: "Kompyuta inaonyesha waifai Mbps 300, mbona ukurasa hautembei?" Msomaji wa Kongowe anaweza kujijibu mwenyewe akifikiria safari ya kutoka Dar es Salaam. Kuanzia Kimara barabara ya Morogoro ina njia nane, gari linateleza. Ukifika Maili Moja njia nane zinakwisha, magari yote yanajibana kwenye barabara nyembamba kuelekea Kongowe, Visiga na Mlandizi, malori yakiwa mbele. Hata uwe na gari la mbio namna gani, utakwenda kwa mwendo wa lori lililokutangulia.

Waifai ya ndani ya nyumba ndiyo hizo njia nane. Kile kipande cha kutoka kwenye ruta hadi mnara wa simu ndiyo barabara nyembamba, na kompyuta zako zote mbili zinapita hapo. Tuseme laini yako inapokea Mbps 8. Faili la GB 1 litachukua kama dakika 17 likiwa peke yake. Kompyuta mbili zikipakua kila moja la kwake kwa wakati mmoja, wote mtasubiri zaidi ya nusu saa. (Usichanganye megabiti za kasi na megabaiti za bando. Baiti moja ni biti nane, ndiyo maana Mbps 8 zinaleta megabaiti moja tu kwa sekunde.)

Kinachoua zaidi ni kupandisha. Laini nyingi za simu zinapokea kwa kasi kuliko zinavyotuma, hivyo upande wa kutuma ni mwembamba zaidi. Picha za kijana zilipokuwa zinapanda mtandaoni, zilijaza foleni ya kutokea nje. Fomu ya mkopo ya yule binti, ambayo ni maneno machache mepesi kama bodaboda, ikakaa nyuma ya malori. Kwa hiyo hata kabla bando halijaisha, ukurasa ulikuwa tayari unasuasua. Mama alitukumbusha kwamba tangu Jumamosi usiku alikuwa analaumu mtandao.

Hivyo mkiwa wawili, mtu anayejaza fomu, anayefanya mtihani wa mtandaoni au mkutano wa video apewe njia. Mwenzake asimamishe kupandisha na kupakua, wala hahitaji kuzima kompyuta. Kusoma kurasa na kuandika barua pepe hakumsumbui mtu. Video nayo ishushwe ubora: kwenye kioo cha kompyuta ndogo, 360p inaonekana, na inakula sehemu ndogo tu ya kile kinacholiwa na 1080p. Ruta nyingine zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa, na baadhi ya simu zina kikomo cha data kwa hotspoti. Ukiikuta, itumie. Usipoikuta, mazungumzo ya mezani yanatosha.

Na si kila uzito ni wa nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora karibu nchi nzima na kwa majirani zetu, kwa sababu nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku kama hiyo hata uzime kompyuta zote ubaki na moja, hutapata nafuu. Waliokuwa wakienda intaneti kafe kabla SEACOM haijaanza kazi Julai 2009 wanakumbuka hali hiyo kuwa ya kila siku: intaneti ilipitia setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu, dishi moja likagawiwa kompyuta kumi na zaidi, nawe unalipia nusu saa huku barua pepe moja ikifunguka kwa kujivuta.

Namna ya kujua ni hii: zima intaneti ya kompyuta moja, jaribu nyingine. Ikichangamka, mlikuwa mnabanana. Isipochangamka, jaribu simu yenye laini ya kampuni nyingine. Nayo ikiwa nzito, subiri.

Faili lisizunguke

Kitu kimoja tulichokiona pale Kongowe tunakiona pia katika ofisi nyingi, na tukiri, hata kwetu studioni. Printa imeunganishwa kwenye kompyuta ya dukani. Kijana akitaka kuchapisha kazi yake ya chuo, anajitumia faili kwa WhatsApp, kisha analifungua dukani. Kompyuta ziko ukuta kwa ukuta, lakini faili la MB 20 linapanda hadi mitambo ya nje ya nchi na kushuka tena, na bando linakatwa MB 40. Vyeti vilivyoskaniwa vya wateja navyo huzungushwa hivyo hivyo.

Kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja zinaweza kupeana faili moja kwa moja, na data hiyo haitoki nje ya nyumba. Haikatwi hata kilobaiti moja kwenye bando, na inapita kwa kasi ya waifai yenyewe, zile njia nane. Windows 10 na 11 zina kitu kiitwacho Nearby sharing: kiwashe kwenye kompyuta zote mbili, kisha bonyeza faili kitufe cha kulia cha mausi, chagua Share, na jina la kompyuta ya pili litajitokeza. Printa pia inaweza kuwekwa wazi kwa kompyuta ya pili kwenye mipangilio ya printa. Ikikushinda, flashi haijawahi kuomba bando, ila ipitishe kwanza kwenye programu ya kuzuia virusi.

Kwenye hotspoti za simu jambo hili mara nyingi linawezekana, ingawa simu nyingine huzuia vifaa visionane. Hiyo ni sababu nyingine ya kumpendekezea mwenye duka ruta.

Neno la siri na jirani

Mama alituambia kwamba neno la siri la hotspoti analo yeye, mwanawe, na "labda watoto wa jirani". Tulipofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa tulikuta vinne. Simu mbili hakuna aliyezijua.

Ugumu hapa hauko kwenye bando peke yake. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba yako ya kitambulisho cha taifa. Kumbuka sanduku la barua: huko nje linaonekana sanduku tu, jina la mwanafunzi halionekani. Mtu akituma matusi au akitapeli kupitia intaneti yako, njia inaishia kwenye laini yako, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu nzito. Utakuwa na kazi ya kueleza kwamba si wewe.

Basi badilisha neno la siri mara moja kwa muda fulani, na kila ambaye hukumtarajia atatoka mwenyewe. Lisiwe namba yako ya simu iliyoandikwa kwenye kibao cha duka. Kwenye ruta badilisha pia neno la siri la ule ukurasa wa mipangilio, kwa sababu lile la kiwandani mara nyingi ni moja kwa ruta zote za aina hiyo na vijana wanalijua. Mgeni akiomba, ruta nyingi zina waifai ya wageni unayoweza kuiwasha na kuizima bila kugusa ya nyumbani.

Kuna wanaotuuliza kama wanaweza kuwauzia majirani intaneti ya nyumbani kwa siku au kwa wiki. Kumsaidia jirani fomu moja ni ujirani. Kuifanya biashara ya kuuza huduma ya mawasiliano kunahitaji leseni ya TCRA, na bila leseni ni kosa. Ulizia ofisi zao kabla ya kubandika bei ukutani.

Mabati, umeme na radi

Ruta isiwekwe nyuma ya kabati wala juu ya friji. Bati hurudisha mawimbi kama linavyorudisha jua, hivyo duka lililozungushiwa mabati au geti la chuma linakata waifai hata kama ruta iko hatua tano. Iweke dirishani upande ulipo mnara, juu kidogo, kisha sogeza na kupima mpaka upate. Ruta yenye masafa mawili itakupa majina mawili: la 2.4 GHz linapenya ukuta wa tofali vizuri zaidi, la 5 GHz lina kasi zaidi lakini linachoka upesi. Kompyuta ya chumba kile kile itumie la pili, ya chumba cha uani la kwanza.

Umeme ukikatika, laptopu zinaendelea na betri lakini ruta inazimika. Kuna betri ndogo za akiba zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta. Unapoinunua, soma volti kwenye chaja ya ruta yako, nyingi ni 12, na hakikisha zinalingana. Vinginevyo simu ya mfukoni yenye bando dogo ndiyo akiba yako. Wakati wa masika, radi ikianza kupiga, chomoa ruta na kompyuta kwenye ukuta, pamoja na waya wa mtandao uliotambaa kutoka jengo moja hadi jingine.

Kabla hatujaondoka, kijana aliwasha Metered connection kwenye kompyuta zote mbili, akasimamisha uhifadhi wa picha, na mama akaweka neno jipya la siri ambalo hakumwambia mtu mbele yetu. Akanunua GB 2. Yule binti alikuja saa tisa alasiri, fomu ikapita, ikachapishwa ili apeleke kusainiwa. Jioni mama alitutumia ujumbe kwamba imebaki GB 1.6, na kwamba watoto wa jirani wameshakuja kuuliza kwa nini mtandao umekata.